Mficha Uchi

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba, na papo hapo nikajua nimejifunga. Daktari aliyenisalimu alikuwa binti wa rika la mtoto wangu wa pili, koti jeupe limempwaya mabegani, kalamu mbili mfukoni. Ukishapokea shikamoo ya mtu, mmekwisha gawana nafasi: wewe mzazi, yeye mwana. Na mzazi huyo ndiye aliyepaswa sasa kumweleza mwana kwamba anawashwa uume.

Nilianzia mbali. Nilisema nina mafua. Nikasema mgongo nao unanisumbua. Akaandika mafua, akaandika mgongo. Nikaongeza kwamba jioni macho yanaona kama kuna ukungu. Akaandika na hilo, kisha akalaza kalamu juu ya daftari akangoja. Mwisho likanitoka neno moja: "Na huku." Nikainamisha macho kumwonyesha huku ni wapi.

"Kunawasha?"

"Kunawasha."

"Tangu lini, baba?"

Tangu Rajabu. Na siku hiyo tulikuwa tumekwisha ingia Mfungo Tatu.

Miezi mitano mtu mzima anajikuna kwa kificho, mkono ndani ya mfuko wa kanzu, na hamwambii mtu. Kijiweni kwetu, kwenye kahawa, hatuna tusilolizungumza. Tunazungumza Simba na Yanga, bei ya mafuta, ndoa za watu, hata tezi dume tunaitania. Nguzo za umeme mtaani zimebandikwa matangazo ya dawa za nguvu za kiume mpaka hazionekani. Lakini sijawahi kuona tangazo hata moja linalosema: ukiwashwa, nenda ukaangaliwe. Kiungo hicho tumekipa habari moja tu, habari ya nguvu, tukasahau kwamba nacho kimevikwa ngozi, na ngozi huugua.

Lugha yenyewe inatusaidia kujificha. Tunasema tupu, tunasema nyeti, tunasema sehemu za siri. Ni adabu njema, nami sitaki ituondoke mezani wala barazani. Ila adabu ile ile ukiingia nayo chumba cha daktari inakuwa komeo. Wahenga walilijua hili, ndiyo maana wakasema mficha uchi hazai. Methali hii tunaitumia sana tunapomshauri mtu aseme shida yake ya fedha. Mimi ilinichukua miezi mitano kugundua kwamba inaweza kusomwa kama ilivyo, neno kwa neno.

Kabla ya kufika kwa binti yule nilikuwa nimekwisha jitibu mara kadhaa. Mara ya kwanza nilisimama kwenye duka la dawa, nikawapisha akina mama wawili wamalize kununua, wakaingia wengine, nikawapisha na hao. Dukani palipotulia nikaomba dawa ya fangasi. "Ya wapi?" akauliza kijana. "Miguuni," nikasema. Akanipa tyubu ndogo, ya bei nafuu, na kwa uongo ule wa miguuni sikuwa na haki ya kumlaumu.

Ndani ya tyubu ile mlikuwa na dawa tatu zilizochanganywa: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na steroidi kali. Nilipaka, na siku ya pili muwasho ukakatika. Nikamshukuru Mungu, nikaitupa tyubu juu ya kabati. Baada ya wiki tatu muwasho ukarudi, mkali kuliko mwanzo. Nikanunua nyingine. Kumbe kilichokuwa kikinipoza upesi vile ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza wekundu na muwasho, na inafanya hivyo kwa kuinyamazisha kinga ya mwili pale pale ngozini. Muwasho unanyamaza, fangasi anabaki, na sasa hana wa kumzuia. Zaidi ya hapo, ngozi ya huko ni laini na nyembamba, inafyonza dawa kuliko ngozi ya mkono, na steroidi kali ikipakwa muda mrefu huizidishia wembamba mpaka ikapasuka.

Tyubu ya tatu ilipogoma nikageukia ushauri wa watu, nikijifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Mmoja akasema maji ya muarobaini. Mwingine akasema kitunguu saumu kilichopondwa. Mimi nikachagua dawa ya maji ya kuulia vijidudu, ile ya kudekia vyoo, nikaichanganya na maji ya kuogea. Usiku ule nililala miguu imeachana kama mtoto aliyetoka jandoni.

"Naomba nikuangalie, baba," alisema daktari. "Ungependa nimwite nesi wa kiume asimame hapa?" Nikasema hapana. Nilikuwa nimekwisha aibika vya kutosha mbele ya mtu mmoja, sikuona haja ya kuongeza shahidi. Akavaa glovu, akavuta taa. Mimi nikaisoma kalenda ya ukutani, tarehe moja moja.

Alikuwa akinieleza anachokiona kwa sauti ya kawaida, kama fundi anayemweleza mwenye gari. Kichwa cha uume kimekuwa chekundu, kinang'aa. Kuna vipele vidogo vidogo vimetawanyika pembeni. Kuna utando mweupe kwenye mkunjo, mfano wa mtindi uliokatika, na chini yake ngozi ina nyufa nyembamba. Akauliza kama mkojo unachoma ukigusa hapo. Nikasema unachoma. Akauliza kama muwasho unazidi baada ya kukutana na mama. Nikasema, nikiwa bado kwenye tarehe kumi na tisa ya kalenda, unazidi.

Kisha akanieleza asichokiona, na hapo ndipo nilipoanza kumwona daktari, si mtoto. Hakuna usaha unaotoka ndani ya njia ya mkojo, ambao ungemfanya afikirie kisonono. Hakuna malengelenge yaliyojikusanya kama shada na kupasuka, ambayo ni mwendo wa hapisi. Hakuna kidonda kimoja kigumu kisichouma, ambacho ndicho kaswende inavyoanza, na kwa kuwa hakiumi wengi hukipuuza mpaka kikajifunga chenyewe huku ugonjwa ukizama ndani. Wala si ule upele wa mapajani wenye ukingo kama pete, ambao ni fangasi wa aina nyingine, na mara nyingi huiacha korodani salama. "Na kidonda au uvimbe wowote huko ukikaa wiki kadhaa haujapona," alisema, "hiyo si ya kupaka. Ni ya kukatwa kipande kipimwe, kwa sababu saratani nayo inapita huko." Nilihesabu moyoni. Magonjwa matano, na mimi miezi yote ile nilikuwa na jibu moja, tyubu.

Alichukua pamba ya kijiti, akafuta kidogo, akaipeleka maabara. Fangasi huyu jina lake la kitaalamu ni Candida albicans, na majina yote mawili kwa Kilatini yanahusu weupe, kama kwamba aliyempa jina alitaka kuhakikisha hatumkosi. Chini ya hadubini anaonekana kwa sura mbili. Mara ni chembe za mviringo zinazochipua vichanga ubavuni, mara ni nyuzi ndefu zinazojipenyeza katika ngozi. Na si mgeni. Watu wazima wengi wenye afya wanaye mdomoni na tumboni, wanaishi naye mpaka wanazeeka bila kujuana. Bakteria wanaoishi pamoja naye wanambana, kinga ya mwili inamtazama. Shida inaanza pale kimojawapo kinapolegea: mtu ametumia antibayotiki akawaua bakteria walinzi, kinga imeshuka, unyevunyevu umezidi, au ameongezewa chakula.

"Baba," daktari akaniuliza huku akivua glovu, "usiku unaamka kukojoa mara ngapi?"

Nikaona amepotea njia. Nikamwambia mara nne, tano, lakini ni mazoea niliyoyapata Ramadhani. Mwaka huu kiu ya mfungo ilinizidi, nikawa nikifuturu nakunywa jagi zima la maji, na usiku naamka naamka. Mfungo ukaisha, mazoea yakabaki. Hakuniambia kitu. Alinitoboa kidole, akakamua tone la damu, akaligusisha kwenye kijiti cha kipimo. Tukangoja sekunde chache. Kipimo kikaandika 16.8.

Kiasi cha 11.1 na kuendelea, kwa mtu mwenye kiu, anayekojoa sana na kuona ukungu, kinatosha kuitwa kisukari. Asubuhi iliyofuata nilirudi kabla ya kula, kikaandika 10.2, na kwa mtu aliyelala njaa, 7 tu inatosha. Macho yale niliyoyataja ili kukwepa kutaja uume yalikuwa ushahidi wa kesi ile ile.

Mama yangu alikuwa akipika vitumbua Tanga, na najua hamira inataka nini. Usiku aliroweka mchele, akauponda, akatia hamira na sukari kidogo, akalifunika bakuli kwa kanga kuukuu na kulisogeza karibu na jiko lililobakiwa na joto. Alfajiri unga umeumuka, umefika ukingoni, unapumua mapovu. Pasipo sukari hauumuki vizuri. Pasipo joto unalala. Fangasi wa Candida ni jamaa wa mbali wa hamira ile, chembe moja moja inayochipua, na matamanio yao hayatofautiani sana. Sukari ya damu ikipita kiasi cha 10 hivi, figo za watu wengi hushindwa kuirudisha yote, nyingine ikamwagika kwenye mkojo. Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali, baada ya kuona sisimizi wanaukusanyikia. Sasa chukua tone la mkojo huo, liache kwenye mkunjo wa ngozi, ndani ya suruali ya nailoni, katika joto la mjini kwetu. Miezi mitano nilikuwa bakuli lililofunikwa kanga.

Nilimwambia daktari kwamba mimi nimetahiriwa tangu nina miaka saba, nikidhani hilo linanitoa. Akasema ni kweli wasiotahiriwa huugua zaidi, maana chini ya govi kuna joto na unyevu. Wao wanatakiwa kulivuta govi nyuma, kuosha kwa maji, kukausha na kulirudisha mbele, wasiliache limekaza nyuma likavimba. Lakini kutahiriwa kunapunguza tu, hakukingi kabisa, hasa sukari ikiwa imepanda.

Aliniomba pia ruhusa ya kunipima virusi vya ukimwi, nikagundua kwamba hiyo ndiyo hofu iliyonifunga mdomo tangu Rajabu, kuliko hata aibu. Mtu wa umri wangu hawezi kusikia neno fangasi kwa utulivu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tuliwauguza ndugu zetu waliokuwa na utando mweupe mdomoni mpaka kooni, wasioweza kumeza uji. Fangasi akawa kama tarishi wa mauti. Tukajifunza kumficha. Ni kweli fangasi anayerudi rudi anaweza kuwa dalili ya virusi, kwa hiyo kipimo kinafaa. Ila siku hizi hata majibu yakiwa mabaya kuna dawa zinazomwezesha mtu kulea wajukuu. Yangu yalitoka salama. Nilikuwa nimebeba jeneza tupu miezi mitano.

Mwaka juzi mjukuu wangu, mtoto wa wiki sita, aliota utando mweupe kwenye ulimi. Mama yake alitoka naye barazani, akamfunua mdomo mbele ya majirani, kila mtu akachungulia, kila mtu akatoa rai. Kliniki wakampa dawa ya matone ya rangi ya manjano, nistatini, tukawa tunamdondoshea hapo hapo barazani. Wiki moja akapona. Alikuwa Candida yule yule. Kwa mtoto tulimwita utando, tukamfukuza hadharani. Kwa babu yake amekuwa siri ya kufa nayo.

Dawa ile ya matone nayo ina historia inayopaswa kusimuliwa vijiweni. Iligunduliwa na wanawake wawili wa idara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Hazen alikuwa mjini New York, akichunguza vijidudu vya udongo. Brown alikuwa Albany, akizichuja kemikali zake. Vielelezo walipelekeana kwa posta, ndani ya chupa za kuhifadhia matunda. Udongo uliozaa dawa ulichotwa na Hazen kwenye shamba la marafiki zake huko Virginia. Mwaka 1950 waliitangaza, wakaiita kwa jina la jimbo lao. Mrabaha ulizidi dola milioni 13, nao hawakuchukua hata senti kwa matumizi yao, wote waliuelekeza kwenye utafiti. Mafuriko yalipoikumba Florence mwaka 1966, dawa hiyo hiyo ilipulizwa kwenye kazi za sanaa zilizolowa, kuzuia ukungu. Watu hawa hawakuona haya kuutumia uhai wao kwa utando wa mdomoni na wa ukeni. Haya nilikuwa nayo mimi, niliyetakiwa kupaka tu.

Lililobaki lilikuwa mama watoto. Daktari alisema fangasi hawa hawahesabiwi katika magonjwa ya zinaa, mtu anaweza kuwapata bila kukutana na yeyote. Hata hivyo wanaweza kupita baina ya wanandoa, kwa hiyo nimuulize mwenzangu, akiwa na dalili naye atibiwe. Nilizunguka nalo siku mbili. Usiku wa tatu, taa imezimwa, nikasema. Kimya kidogo, kisha mama watoto akacheka chinichini. Naye alikuwa amewashwa, tena mara mbili, na mara zote mbili alinunua vidonge vya kuweka akajitibu mchana nikiwa sipo, akihofia nitauliza amevitoa wapi. Mimi nami nilikuwa nikihofia hivyo hivyo. Tulikuwa tukifichana fangasi wale wale chini ya chandarua kimoja.

Tiba yenyewe, ukilinganisha na safari yake, ni fupi mpaka inaudhi. Daktari aliniandikia krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, isiyochanganywa na kitu, nipake mara mbili kwa siku, na nisiache siku ya pili kwa kuwa muwasho umekatika, bali nifikishe wiki mbili. Ambao hali zao ni kali zaidi hupewa na kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, lakini kwanza mtu aseme dawa nyingine anazotumia, kwa kuwa kidonge hicho kinagombana na dawa kadhaa, zikiwemo zile za kufanya damu iwe nyepesi na baadhi ya zile za kushusha sukari. Nioshe kwa maji matupu, sabuni yenye manukato niiache, na ile dawa ya vyoo iende chooni. Nijikaushe kabla ya kuvaa. Nguo za ndani ziwe za pamba. Tupumzike tendo mpaka tupone, na mwenye kutegemea kondomu ajue krimu hizi zinaweza kuidhoofisha. Akanitahadharisha pia kwamba ziko dawa mpya za kisukari, kama dapagliflozini, ambazo hushusha sukari kwa kuitoa kwenye mkojo, na mtu anayezitumia akiwashwa asishangae wala asiziache kimyakimya, arudi aseme.

Wiki mbili ngozi ikarudi kuwa ngozi. Kisukari hakikurudi popote, hicho tunaishi nacho, na vidonge vyake viko mezani karibu na chumvi, mahali ambapo kila mgeni anaviona.

Siku niliyorudi kuonyesha maendeleo, binti yule alinisalimu shikamoo kama kawaida. Nikaitikia marahaba, nikakaa, nikaanza na lile lililonileta. Mafua sikuyataja.

Nimeyaandika haya nikimfikiria msomaji mmoja, mwanamume aliyesimama sasa hivi nje ya duka la dawa akiwapisha watu. Ndugu yangu, kama ni mara ya kwanza na huna uhakika ni nini, kaangaliwe. Na kama imepona ikarudi, ikapona ikarudi tena, usinunue tyubu ya nne. Kapime sukari.